Kibanda cha Ng'ambo ya Bwawa

Nyumba ya Mzee Gachanja pale Bondeni, mjini Nakuru, haikuwa nyumba ya kutunza siri. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba, jirani akikohoa kwake wewe unamwambia pole ukiwa kwako, na juu ya hayo yote kulikuwa na Tata Wamuyu. Tata ni shangazi, na huyu alikuwa dada yake Gachanja, dobi wa hoteli kule Elmenteita. Ukitaka neno lako lifike Lanet kabla ya treni, mnong'onezee Tata Wamuyu, kisha umwapishe asimwambie mtu.

Jumamosi hiyo ya mvua, mwaka wa hamsini na tisa, sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Majirani walikuwa wamekalia kitanda, wamekalia magunia ya viazi, wengine wamesimama na vikombe vya chai mkononi, na wote walikuwa na shughuli moja tu: kupanga safari isiyokuwa yao.

Safari yenyewe, iliyopangwa kuanza Jumamosi iliyofuata, ilikuwa hivi. Gachanja alikuwa mpishi mkuu wa hoteli hiyohiyo ya Elmenteita, mali ya mzungu mjane ambaye wafanyakazi walimwita Mama Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuziona nywele zake. Kila mwaka mvua kubwa ikianza, barabara hugeuka uji, wageni hukoma kuja na vyumba hushika ukungu. Mwaka huo Mama Kofia alikuwa anakwenda kwao Ulaya kumwona mjukuu. Kabla ya kuondoka alimwambia Gachanja alete jamaa yake wakae juma zima, wawashe moto vyumbani visioze, na wakiwa huko waogelee, wapande farasi, wavute makasia ziwani, wafanye yale yote ambayo kwa miaka mingi walikuwa wakiyatazama yakifanywa na wengine.

"Juma zima!" jirani mmoja alishangaa. "Na mabwawa yote mawili?"

"Yote mawili," Gachanja alijibu huku akijikuna kidevu kama mtu asiyejisifu. "Lile kubwa la maji baridi, na lile dogo la maji moto yanayotoka ardhini yenyewe."

"Mimi nitapanda farasi," Tata Wamuyu alitangaza.

"Farasi amekukosea nini, wifi?" Mama Rahab, mkewe Gachanja, aliuliza kwa upole, na nyumba nzima ikavunjika mbavu, kwa maana Tata Wamuyu alipokaa kwenye benchi la watu watatu, wawili walisimama.

Pembeni, karibu na dirisha, Wangare alikuwa ameinamia cherehani. Alikuwa binti pekee wa nyumba hiyo (Rahab lilikuwa jina la mama mwenyewe, la ubatizo), fundi wa nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini, na siku hizo alikuwa akishona nguo za kuogelea za jamaa nzima kwa kitambaa cha buluu. Aliinua moja ili mama yake aione.

"Hiyo si nguo," Mama Rahab alisema. "Hiyo ni kamisi iliyokosa adabu."

"Inafika magotini, Mama."

"Magoti yangu hayajawahi kuonwa na mtu isipokuwa baba yako na daktari."

"Na ndiyo yanayokuuma," Gachanja aliingilia. "Hata kanisani siku hizi huinuki mpaka ushikwe mkono. Yale maji moto yangekufaa, Mama Wangare. Wazungu wanatoka mbali kuja kulowesha mifupa yao mle."

"Niingie majini wanaume wakipita? Ninyooshe magoti nikunje heshima? Mimi nitakaa kivulini nile keki."

"Ndivyo nilivyomwambia Khisa," Gachanja alisema. "Nilimwambia mama hataingia majini watu wakimwona. Akanyamaza tu, unavyomjua."

Jina hilo lilipotajwa, sindano ya cherehani ilisimama katikati ya mshono.

Khisa alikuwa mtunza mabwawa wa hoteli. Kijana wa Kimilili, mrefu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Kila Jumatano alikuja mjini na lori la hoteli kununua dawa ya maji na misumari, na kila Jumatano misumari hiyo ilimpitisha barazani kwa Wangare. Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Angemngoja afunike cherehani, wangetembea pamoja taratibu wakizungumza, na walipofika kona ya pale kwa muuza makaa, Khisa angesimama. Hakuwahi kuivuka kona hiyo akiwa na Wangare.

"Usinitajie huyo," Mama Rahab alisema, na uso wake ukajifunga. "Leo nitasema, maana nimelimeza vya kutosha. Siku ya Pasaka nilimnyooshea mkono mlangoni pa kanisa. Mbele ya watu! Akauficha wake nyuma, akatazama viatu vyake, akaondoka mbio kama aliyekanyaga nyoka. Nikabaki na mkono hewani kama mtu anayepima mvua."

"Labda hakukuona, Mama," Wangare alijaribu.

"Hakuniona? Na siku ile aliyomletea baba yako koti, nikamkuta hapa anakunywa chai? Nimeingia mlango wa mbele, yeye akatoka wa nyuma. Na kikombe mkononi! Kikombe changu cha maua ya buluu, cha harusi. Hakijarudi mpaka leo. Mtu akikukimbia hivyo kuna mawili: ama anakudharau, ama kuna kitu anaficha."

"Pengine ana mke kwao," sauti moja ilisema kutoka kitandani.

"Hao vijana wa huko magharibi," nyingine ikadakia, "wanakuja huku wakiwa wameacha nyumba imejaa."

Wangare alivuta uzi mpaka ukakatika.

"Mwanaume ni Mburu wa Lanet," Mama Rahab aliendelea, sasa akimtazama binti yake moja kwa moja. "Ana duka, ana lori, na akiniona ananisalimu kwa mikono miwili. Watu wake wanangoja jibu. Tukirudi kutoka hotelini nitawapa, Wangare. Siwezi kuwaweka watu wa heshima mlangoni kwa sababu ya mtu anayeiba vikombe."

Hapo Tata Wamuyu alikohoa. Wote waliomjua walijua kikohozi hicho. Majirani waliweka vikombe chini.

"Basi niseme, au ninyamaze?"

"Tangu lini ukanyamaza?" Gachanja alisema.

"Mimi sitaki maneno. Lakini Khisa anahama. Tangu aajiriwe analala kile chumba cha nyuma ya nyumba kubwa, si ndiyo? Sasa amehamia kile kibanda cha ng'ambo ya bwawa, kule peke yake kwenye migunga. Nikasema, haya, labda anataka utulivu. Lakini wifi, vitanda viwili! Shuka nimempa mimi kwa mikono hii. Mito miwili, yenye foronya za kupigwa pasi. Na amekata matete ziwani, anajenga ua kuzunguka lile bwawa la maji moto. Ua mrefu kuliko mtu. Nikamuuliza, Khisa, hii yote ya nini? Akacheka. Khisa, anayecheka mara moja kwa mwaka! Akasema, 'Nina wageni wa heshima, Mama.'"

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Mwanamke," watu wawili walisema kwa pamoja.

Gachanja alikuna kidevu tena. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na tabia ya kutoa neno gumu kama mtu anayepitisha chumvi mezani. "Hata mimi alinijia jikoni," alisema. "Aliniambia jamaa yangu ikija, yeye hawezi kulala nyumba moja na Mama Wangare."

Mama Rahab alisimama bila kushikwa mkono. "Amesema nini?"

"Chini ya bati moja na wewe, hawezi. Ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu, sikuuliza zaidi."

"Jumatano," Mama Rahab alisema kwa sauti ndogo, ile iliyowatisha watu kuliko makelele yake. "Jumatano lori la hoteli likija sokoni, nitapanda. Nitaona mahali nitakapolala kabla sijafunga hata leso. Na wewe, Wangare, utakuja nami. Utamwona huyo mgeni wa heshima kwa macho yako mwenyewe."

Siku zilizofuata Wangare alishona vibaya. Alifumua, akashona, akafumua tena. Kila alipofumba macho aliiona ile kona ya muuza makaa, na Khisa amesimama pale, mikono mifukoni, akimtazama kwa yale macho yake yaliyosema mengi kuliko kinywa. Majuma machache nyuma alikuwa amemuuliza, kwa utani uliokuwa na machozi ndani yake:

"Kwani hapa kuna mpaka? Kwa nini huvuki?"

"Nikivuka kabla ya wakati wake, nitaharibu."

"Wakati gani, Khisa? Mimi ninazeeka."

Alikuwa ametabasamu, akairudisha begani leso ya Wangare iliyokuwa ikiteleza, vidole vyake vikikawia kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ngoja mvua," alisema. "Mvua ikija utajua."

Wakati ule neno hilo lilikuwa tamu kiasi kwamba alilala nalo. Sasa mvua imekuja, na imekuja na mito miwili.

Jumatano lori lilifika sokoni bila Khisa. Dereva alisema amekataa kuja, ana kazi ya matete. Mama Rahab alipanda mbele bila kusema neno, Wangare na Tata Wamuyu wakakaa nyuma katikati ya kabichi. Walipita Lanet, na Mama Rahab akanyoosha kidole kwenye duka la Mburu kwa mkono mrefu ili binti yake asilikose. Walipita Kariandusi, ambako wachimbaji walikuwa wakitoka kazini wamepakwa vumbi jeupe la mawe toka nywele hadi kucha, mvua ikiwachora michirizi usoni. Mmoja alimpungia Wangare mkono. Yeye hakuona. Alikuwa anajiuliza huyo mwanamke ni mrefu au mfupi.

Hoteli ilikuwa kimya kama kanisa la Jumatatu. Nyasi zilikuwa zimelowa, viti vimeinamishwa juu ya meza, farasi wawili wakitazama mvua ikikatika. Gachanja alitoka jikoni na aproni yake, akafurahi, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha kufurahi.

"Nionyeshe vyumba," Mama Rahab alimwambia Tata Wamuyu. "Vyote. Kimoja kimoja."

Wangare hakuwafuata. Miguu yake ilikuwa imeshashika njia ya ng'ambo ya bwawa.

Kibanda kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa upya. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, kama alivyoambiwa, shuka zimenyooshwa, mito imekaa kama watoto waliooshwa. Sakafu imefagiwa. Na kwenye rafu, peke yake, kama kitu cha thamani kilichowekwa mbali na wezi, kulikuwa na kikombe cha mama yake cha maua ya buluu.

"Wangare."

Aligeuka. Khisa alikuwa mlangoni na mzigo wa matete begani, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Kwa kitambo uso wake ulikuwa na furaha tupu, furaha ya mtu aliyefikiwa na kitu alichokiota mchana. Na Wangare, pamoja na hasira zote alizozibeba kutoka Nakuru, alihisi moyo wake ukimsaliti.

"Ni pazuri," alisema. "Umepapamba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye mto wa pili."

Khisa aliyatua matete polepole. "Nani amekuambia?"

"Bondeni nzima imeniambia! Kwa hiyo ni kweli?"

"Kuna mtu anakuja," alisema. "Jumapili."

"Unakubali! Husiti hata kidogo!"

"Nikukatalie jambo la kweli? Anakuja Jumapili. Lakini siwezi kukuambia mimi, Wangare. Haifai nikuambie mimi. Yeye ndiye atakayesema, mbele ya wazee wako."

"Mbele ya wazee wangu!" Wangare alicheka kicheko kibaya. "Utamleta hapa, umwogeshe maji moto nyuma ya ua, halafu aje kuzungumza na baba yangu? Ana watoto wangapi?"

"Anao saba," Khisa alisema, akiwa amechanganyikiwa. "Wa nane alikufa."

Wangare alimpita mlangoni kama upepo. Alitembea bila kuona, machozi yakimchoma, akaifuata njia nyembamba iliyopita kati ya bwawa kubwa na ule ua mpya wa matete. Khisa alimkimbilia, akamshika mkono.

"Wangare, ngoja. Unafikiri nini? Unafikiri ni mwanamke?"

"Niachilie."

"Tazama uso wangu uniambie kama ndivyo unavyonijua."

Hakutaka kuutazama, lakini aliutazama. Macho yake yalikuwa yaleyale ya kona ya muuza makaa. Ndipo akamwambia lile alilokuwa ameapa kutomwambia: "Tukirudi mjini, Mama anampa Mburu jibu. Mimi nimekuteteeni nyote wawili, wewe na ukimya wako, mpaka nimechoka. Umemkimbia mama yangu kanisani. Umemkimbia nyumbani. Umesema huwezi kulala nyumba moja naye. Niambie la kumjibu, Khisa. Sasa hivi. Kwa sababu sitangoja mpaka Jumapili."

Khisa alifungua kinywa.

"Ahaa! Hapa ndipo mlipo!"

Mama Rahab alikuwa amesimama mwanzoni mwa ile njia, mikono kiunoni, Tata Wamuyu akihema nyuma yake. Alianza kuja. Magoti au si magoti, alikuja kwa kasi, macho kwa Khisa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele kama mkuki. "Leo utanisalimu!" alisema. "Leo utanipa mkono, kijana, uniambie nimekukosea nini!"

Wangare alimwona Khisa akiinamisha kichwa. Akamwona akitazama kushoto: ua wa matete, mrefu, umefungwa imara kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma: kona ya ua, ambayo asubuhi hiyo tu alikuwa ameiziba. Mbele: Mama Rahab, hatua chache. Kulia: maji.

Khisa alijitupa bwawani na nguo zake zote.

Maji yaliruka yakamlowesha Mama Rahab kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Tata Wamuyu alipiga yowe la kuita kijiji. Khisa aliibuka katikati ya bwawa, akawageuzia kisogo wote, na akabaki vivyo hivyo, maji yakimfika kifuani, akiwaangalia flamingo wa mbali ziwani kama mtu aliyewafuata hao.

"Mnaona?" Mama Rahab alisema. Sauti yake ilitetemeka, na Wangare alitambua kwa mshangao kwamba haikuwa hasira tu. Mama yake alikuwa ameumia. "Afadhali azame kuliko kunigusa mkono. Mimi nina ukoma? Nina pembe?"

"Wangare," Khisa alisema bila kugeuka, "tafadhali mwombe mama asogee nyuma ya ua."

"Hata kuongea nami anaongea kupitia mtoto!"

"Khisa!" Wangare alilia. "Geuka useme naye!"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Maji yalikuwa ya baridi, na mabega yale mapana yalikuwa yameanza kutetemeka.

"Kwa sababu ni mama yako," alisema hatimaye. "Kwetu, mwanaume hamtazami usoni mama wa msichana anayetaka kumwoa. Hamshiki mkono. Hali naye meza moja wala halali naye chini ya bati moja. Akimkuta njiani anampisha, hata kama ni kwenye miiba. Na akimwona anaoga, hiyo ni balaa ya ukoo mzima, na kuiondoa si mchezo. Hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo, hatuna nyingine inayoizidi. Nilianza kumpa mama yako tangu ile Jumatano ya kwanza nilipokuona barazani. Sikujua kwamba yeye anaihesabu kuwa matusi."

Mama Rahab, aliyelelewa misheni, ambako mkwe humsalimu mama mkwe kwa mikono miwili na kuimba naye wimbo mmoja, alibaki ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kana kwamba ndiyo kwanza anaushusha kutoka pale mlangoni pa kanisa.

Tata Wamuyu ndiye wa kwanza kupata ulimi. "Na vitanda viwili?"

"Kimoja changu. Cha pili ni cha baba yangu mdogo, Joash. Anatoka Kimilili kuja kuniombea. Mimi siruhusiwi kujisemea. Alisubiri apande mahindi kwanza, ndiyo maana nilisema mvua." Meno yake yaligongana. "Sasa nimejisemea. Ataniua."

"Huyo ndiye mwenye watoto saba?" Wangare aliuliza kwa sauti iliyokuwa imebaki nyuzi tupu.

"Huyo. Kwani ulifikiri nani?"

"Na ua?" Mama Rahab aliuliza. Alimuuliza Wangare, lakini kila mtu alijua anamuuliza nani.

Khisa alijipangusa maji usoni. "Mzee aliniambia magoti ya mama yanamuuma na hataki kuonekana. Na mimi ndiye mtunza bwawa, kila saa napita hapa. Niliogopa siku moja nitapita wakati mbaya. Kwa hiyo nikasema nijenge ua, yeye apate maji yake na mimi nipate amani."

Mama Rahab aliutazama ule ua. Aliuangalia juu hadi chini, kamba kwa kamba, kama anayekagua kuku sokoni. Wangare aliujua uso huo. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta mahali pa kuweka hasira yake na kukuta kila kiti kimekaliwa.

"Na kikombe changu?"

"Kiko kibandani. Niliona aibu kumtuma mtu akirudishe, na mimi mwenyewe siwezi kukutana naye."

Tata Wamuyu aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimruka.

"Hayo ya kuoa nitayasikia Jumapili, kwa mwenye kuyasema," Mama Rahab alisema, akijikamua maji kitambaani. "Mimi sijasema kitu. Maneno mazuri hata matapeli wanayo. Nataka nione kama maji yenyewe ni moto." Naye akazunguka ua, akaingia, akavuta mlango wa matete nyuma yake.

Wangare alipiga magoti ukingoni. Khisa aligeuka sasa, midomo imekuwa ya kijivu, matone yakimtiririka kwenye nyusi, akaogelea taratibu hadi kwake. Wangare alimpa mkono. Khisa hakutoka upesi. Aliushika tu, kidole gumba chake kikipita juu ya vidole vilivyojaa alama za sindano.

"Miaka miwili," Wangare alinong'ona. "Ungeniambia neno moja tu."

"Ningekuambia, ungekuwa umeombwa na mtu asiye na watu. Sikutaka uombwe hivyo."

"Na mimi? Unaruhusiwa kunitazama?"

"Wewe peke yako," Khisa alisema, "ndiye sikukatazwa."

Alimtazama basi, kwa kirefu, bila kona na bila muuza makaa, mpaka Wangare akainamisha uso yeye mwenyewe, na Tata Wamuyu, ambaye hakuwa amekatazwa kutazama chochote, akavuta pua kwa furaha.

Nyuma ya ua kulisikika viatu vikivuliwa. Kisha maji yakijongea, na sauti ndefu, ya chini, ya mwili uliobeba magoti mabovu kwa miaka na sasa umeyaweka chini.

"Wangare!"

"Naam, Mama?"

"Upande huu wa ziwa kuna tundu. Nimeliona mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie mkwe wangu aje alizibe kabla ya Jumapili. Nikishatoka."

Mkono wa Khisa ulikaza ndani ya mkono wa Wangare. Wote wawili waliogopa kucheka, waliogopa kulia, waliogopa hata kupumua lisije neno hilo likarudi lilikotoka.

"Na wifi," sauti iliendelea kutoka kwenye mvuke, "hayo uliyoyasikia hapa ni ya nyumbani. Watu wa Mburu ni watu wa heshima, tutawapelekea jibu polepole, kwa utaratibu. Umenisikia? Wifi?"

Lakini Tata Wamuyu hakuwa pale tena. Alikuwa amepandisha sketi kwa mikono yote miwili na anakatiza nyasi zilizolowa kulielekea lori, maana neno hilo lilikuwa linatakiwa Lanet, na treni ya jioni ilikuwa bado haijapita.